Kucha ya mtoto inachelewa kurudisha rangi, niogope?

"Dokta habari, naishi Ngaramtoni, mwanangu ana mwaka na miezi nane, ameanza kuharisha juzi usiku. Mdogo wangu anasoma unesi akanifundisha kumbonyeza mtoto kucha afu unahesabu mpaka rangi irudi, akasema ikizidi sekunde mbili ni hatari kimbia hospitali. Asubuhi nimembonyeza ikachukua kama sekunde nne nikapagawa, mchana nikarudia ikawa mbili, jioni tatu. Nikaamua kuwapima wote nyumbani, mimi mbili na nusu, baba yake moja, mama mkwe mwenye miaka sabini na kitu ndo nne kabisa na anakata majani ya ng'ombe mwenyewe kila siku! Yeye anasema ni baridi tu la mwezi wa saba nisimsumbue mtoto, jirani anasema damu imepungua nimpe juisi ya rosela. Mtoto anakunywa vizuri tu, yaani ukimletea kikombe anaking'ang'ania, ukikitoa ni ugomvi, ila amekuwa mkali analialia hataki kushushwa. Kile kidude cha kubana kidoleni cha jirani kilisoma 95. Naomba kujua hiki kipimo cha kucha nakifanyaje vizuri na kikisema ngapi ndo niende? Na jingine, baba yake amefungwa POP, ile plasta ngumu, mguuni wiki hii baada ya ajali ya bodaboda, naweza kumpima na yeye vidole?"

Pole sana dada yangu, nyumba moja mtoto anaharisha na baba kafungwa mguu, sio mchezo. La kucha nitakujibu kwa kirefu maana linawachanganya hata wahudumu wenyewe. Ila kabla ya kucha, kuna kitu umekiandika katikati kama habari njema na mimi kimenishtua kuliko zile sekunde nne. Mtoto anang'ang'ania kikombe, ukikitoa ni ugomvi, na amekuwa mkali hatulii.

Mtoto anayeharisha akianza kunywa kwa pupa namna hiyo, afu hapo hapo ana hasira hatulii, kwetu hizo ni dalili mbili za kuishiwa maji mwilini, na zikishafika mbili tayari tunamhesabu ana upungufu wa maji wa kiasi. Bado hajafika pabaya, ila sio wa kukaa naye nyumbani unabonyeza kucha. Kwahiyo kama unasoma hii na bado yuko hivyo, mvalishe, mbebe, nenda leo, dispensari au kituo cha afya chochote kilicho karibu, na kwa Ngaramtoni hata Selian si ndo hapo hapo kwenu. Haya mengine utayasoma ukiwa kwenye benchi unasubiri.

Huko watamwangalia macho kama yameingia ndani, watamfinya ngozi ya tumbo pembeni ya kitovu waone inarudi haraka au inabaki imesimama, watamjaribu kunywa. Akiwa kama ulivyomwelezea, matibabu yake kwa kawaida ni kukaa hapo masaa manne kwenye kona ya ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, unamnywesha wewe mwenyewe huku nesi anapita kuangalia. Kiasi ni kama mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mwenye kilo 10 ni mililita 750 kwa hayo masaa manne, kidogo kidogo, kwa kijiko au kwa kikombe, akitapika unasubiri kama dakika kumi afu unaendelea polepole zaidi. Wengi wanatoka hapo wamechangamka bila sindano wala dripu. Watakupa na zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14, na naomba umalize hata kama kuhara kumekata siku ya tatu, maana hapo ndo kina mama wengi wanaziacha juu ya kabati.

Njiani endelea na ORS na kama bado ananyonya mnyonyeshe, usingoje mpaka mfike.

Haya, tuje kwenye kucha.

Ukibonyeza kucha unaifukuza damu iliyoko kwenye vijishipa vidogo kabisa chini yake, ndo maana panakuwa peupe. Ukiachia, damu inarudi. Kasi ya kurudi inategemea hasa vitu viwili, damu inasukumwa kwa nguvu kiasi gani kutoka moyoni, na vile vimishipa vinavyoileta vimeachia au vimebana. Sasa hivyo vimishipa sio bomba la plastiki la kukaa tu, kuta zake zina misuli midogo ambayo ubongo unaiamrisha ikaze au ilegee, na inabadilika dakika kwa dakika.

Waliokulia mlimani hii hawahitaji kuchorewa. Kiangazi maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, yakipungua, wazee wanakaa wanagawa, vifereji vya pembeni vinazibwa kwa udongo na magome ya migomba ili maji yafike kwanza kule yanakohitajika zaidi. Mtoto aliyeharisha sana, maji ya damu yakipungua, mwili wake unafanya mgao huo huo, wa kwanza kufungiwa ni ngozi, hasa ya mikono na miguu, baadaye utumbo na figo, ndo maana na mkojo unapungua, ubongo na moyo wanaendelea kupata mpaka mwisho. Kucha iko huko mwisho kabisa wa kifereji. Kwahiyo unapoibonyeza, unachouliza ni kama mwili umeshaanza kugawa kwa mgao.

Na hapa ndo thamani yake ilipo, hasa kwa watoto. Mtoto anaweza kuwa na presha nzuri kabisa kwenye mashine huku vidole vyake vimeshafungiwa zamani, maana watoto wana uwezo mkubwa wa kubana mishipa na kukimbiza moyo ili presha isishuke. Presha yao inashuka mwisho mwisho, na ikishashuka muda uliobaki ni mdogo. Ndo maana nesi mzuri anashika mkono wa mtoto kabla hajatafuta mashine.

Tatizo sasa, aisee, ni kwamba baridi nayo inaziba vifereji hivyo hivyo. Mwili ukisikia baridi unabana mishipa ya ngozi ili joto lisipotee, na kucha haina namna ya kukwambia nimebanwa kwa sababu ya Meru asubuhi au kwa sababu maji yameisha. Ile sekunde mbili mnayofundishwa imepimwa watu wakiwa chumba chenye joto la kawaida, nyuzi 20 mpaka 25 hivi. Nyumba ya Ngaramtoni alfajiri ya mwezi wa saba mara nyingi haifiki hapo, wakati mtu wa Pasua huku Moshi mchana wa mwezi wa pili anazidi. Mtoto yule yule, afya ile ile, kucha mbili tofauti. Kwahiyo mama mkwe wako hajakosea kusema baridi inachelewesha, amekosea kuishia hapo, maana mtoto anaweza kuwa na baridi NA kuishiwa maji kwa pamoja, na mtoto anayeharisha huku anapigwa baridi ndo tunayemwona sana msimu huu.

Kuhusu yeye mwenyewe mama mkwe na sekunde zake nne, muache akate majani yake kwa amani. Kuna madaktari wa Marekani mwaka 1988 walipima watu wazima kwa watoto wenye afya zao, wakakuta ile sekunde mbili inawafaa watoto na wanaume, wanawake wazima wanaweza kufika karibu tatu, na wazee mpaka nne na nusu bila ugonjwa wowote. Ukiangalia familia yako imejipanga vile vile, baba moja, wewe mbili na nusu, bibi nne, nimecheka kidogo niliposoma. Kwahiyo usije ukampeleka bibi emajensi kwa sababu ya kucha.

Na hiyo namba mbili haikushuka na malaika. Kipimo kilielezwa na daktari anaitwa Beecher mwaka 1947 kutokana na askari majeruhi wa vita kuu ya pili, na yeye hakuweka sekunde, alisema tu kawaida, imechelewa, au imechelewa sana. Sekunde mbili zikaja kuingizwa miaka ya 1980 kwenye alama za kupima majeruhi wa ajali, afu mwaka 1989 alama hizo ziliporekebishwa kipimo cha kucha kikatolewa, sababu mojawapo ni kwamba usiku barabarani na tochi huwezi kukiona vizuri. Kwa watoto kikabaki, na Shirika la Afya Duniani mpaka leo linakitumia, ila mpaka wao ni zaidi ya sekunde tatu, na, sikiliza hapa vizuri, sio chenyewe peke yake. Kusema mtoto yuko kwenye shoku, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini, wanataka vitu vitatu viwe pamoja: mikono na miguu ya baridi, kucha inayozidi sekunde tatu, na mapigo ya mshipa yanayoenda mbio huku ni dhaifu. Vyote vitatu. Mdogo wako hajakudanganya, amekupa kipande kimoja.

Kwanini wamekuwa wagumu hivyo? Kuna utafiti mkubwa ulitoka mwaka 2011, ulifanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, watoto zaidi ya elfu tatu wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, kuchelewa kwa kucha ikiwa mojawapo. Wengine wakapewa maji mengi ya haraka kwenye mshipa, wengine wakapewa polepole tu. Kila mtu alitegemea waliojazwa maji haraka ndo wapone. Ikawa kinyume, waliofariki ndani ya masaa 48 walikuwa kama watatu zaidi kwa kila mia kwa wale waliopewa maji ya haraka. Utafiti ule haukuwachukua watoto wa kuhara kama wako, hao wakiwa wameishiwa kabisa maji ya mshipa yanawaokoa, kwahiyo usiutumie kukataa dripu akiandikiwa. Ila ujue kwanini nesi anaweza kumwangalia mtoto mwenye homa na kucha ya sekunde tatu na asimtundikie dripu hapo hapo hata kama shangazi mtu amesimama mlangoni anadai "mwekeeni maji." Dripu sio zawadi ya kufika hospitali.

Sasa jinsi ya kukifanya, maana nadhani hata hizo namba zako za asubuhi na jioni zina makosa ya kupimia ndani yake.

Kwanza mpashe joto, ila kwa mwili wako, mweke kifuani ngozi kwa ngozi ndani ya blanketi robo saa hivi. Usimloweke mkono kwenye maji ya moto wala usimsogeze jikoni, maana moto unafungua mishipa ya ngozi kwa nguvu, kucha itarudi vizuri na utatulia bure. Kaa mlangoni au dirishani penye mwanga wa mchana, taa ya njano ya sebuleni inadanganya rangi. Subiri atulie. Shika mkono wake uuinue kidogo, usawa wa kifua chake au juu kidogo, usiache unaning'inia, maana ukining'inia damu ya kwenye mishipa ya kurudia inateremka yenyewe na kucha inajaa kwa upande ambao hukuuliza. Chukua kucha ya dole gumba, bonyeza kwa nguvu ya wastani, mpaka iwe nyeupe, uhesabu tano nzima. Hapa ndo wengi wanakosea, wanabonyeza sekunde moja na kuachia. Afu achia ghafla na uhesabu mpaka rangi irudi yote kama ya kidole cha jirani, sio ile dakika inapoanza tu kuwa pinki.

Kuhesabu kichwani mtoto wako anaumwa ni uongo mtupu, mtu akiogopa anahesabu mbio. Mwambie mtu arekodi video kwa simu, afu uiangalie mkiwa mmetulia, sekunde zinaonekana pale chini. Rudia mara mbili tatu kidole tofauti. Na hata hapo, wataalamu wawili wakimpima mtoto mmoja muda mmoja mmoja anaweza kusema mbili mwingine tatu, kwahiyo tofauti ya mbili ya mchana na tatu ya jioni mimi siisomi chochote. Ile nne ya asubuhi ningeirudia baada ya kumpasha. Ikibaki nne mkono ukiwa wa moto, hiyo sasa ni habari.

Kwa rangi zetu, kucha ndo pazuri zaidi, au nyama ya kiganja na unyayo. Vitabu vingi vinasema bonyeza kifuani maana kifua hakisumbuliwi sana na baridi, ni kweli, ila kwenye ngozi nyeusi kuiona rangi inarudi kifuani ni kubahatisha. Kama kucha zina hina au rangi iliyobaki ya sikukuu, hamia kiganjani. Na ile mistari myeusi myeusi ya asili kwenye kucha haina shida, bonyeza pembeni yake.

Kuna kitu kingine naomba ukifanye pamoja na kucha, na mimi binafsi nakiamini kuliko kucha. Mvue soksi, weka mgongo wa mkono wako kwenye vidole vyake vya mguu, afu upandishe taratibu, kisigino, kifundo, muundi, goti, paja. Tafuta baridi inaishia wapi. Vidole tu vya baridi asubuhi ya Ngaramtoni, hakuna cha ajabu. Baridi iliyopanda mpaka katikati ya muundi au gotini wakati tumbo na kifua ni vya moto, na mtoto alikuwa amefunikwa, hiyo inanitoa kwenye kiti hata kama kucha imerudi kwa sekunde mbili. Mapigo usijisumbue sana kuyahesabu, mwachie nesi.

Ila upande wa pili nao uujue, kucha ikirudi vizuri haimaanishi mtoto yuko salama. Mwaka 2015 walikusanya tafiti nyingi za watoto wagonjwa wakakuta ikichelewa kweli, hatari ipo kweli, lakini kati ya waliokuja kufariki ni kama theluthi moja tu ndo ilikuwa imechelewa. Yaani wengi wao kucha ilisema sawa. Kuna maambukizi makali ya damu ambayo mishipa inafunguka badala ya kubana, mtoto ana homa, mikono ya moto, kucha inarudi papo hapo, na bado anafariki. Ndo maana ukiniuliza "kikisema ngapi ndo niende" sikupi namba. Kichelewe, nenda. Kisichelewe na mtoto hayuko sawa, nenda vile vile.

Jirani na juisi ya rosela. Damu kupungua, ile ya kukosa wekundu, na damu kutofika kidoleni ni vitu viwili. Mtoto mwenye upungufu wa damu anaweza kuwa na mzunguko mzuri na kucha ikarudi haraka tu, shida utaiona kabla hata hujabonyeza, kiganja chake ukikiweka karibu na chako kimepauka. Kama unaona kiganja kimepauka waambie wampime damu na malaria pia, hasa kama mlisafiri kushuka maeneo ya joto. Rosela yenyewe ilivyo na sukari ya kutosha, kwa mtoto anayeharisha inavuta maji zaidi kwenda kwenye utumbo na kuhara kunaongezeka, soda hivyo hivyo, na juisi za pakiti. Kwa sasa ni ORS, maziwa ya mama, uji mwepesi, supu. Pakiti ya ORS isome kwa nyuma imeandikwa maji kiasi gani, nyingi ni lita moja, maji safi ya kunywa, na iliyobaki baada ya masaa 24 mwaga. Usichanganye pakiti nzima kwenye kikombe ili "iwe na nguvu," hiyo ni chumvi ya kumdhuru.

Kidude cha kidoleni nacho kinajibu swali lake kingine, kinasema damu iliyofika hapo imebeba oksijeni asilimia ngapi, hakisemi imefika kiasi gani. Mtoto anaweza kusoma 95 huku anaelekea kwenye shoku. Kwenye kidole cha baridi kinahangaika, kile cha watu wazima hakikai vizuri kwenye kidole cha mwaka mmoja, na kwa ngozi nyeusi vinajulikana kuzidisha kidogo. Kimrudishie jirani.

Ya kukimbia, usiku au mchana, bila kubonyeza kitu: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila anachokunywa, amelegea au analala huwezi kumwamsha vizuri, amepata degedege, kinyesi kina damu, hajakojoa masaa sita na zaidi, anapumua mbio au kwa shida. Na hili wengi linawadanganya, mtoto aliyekuwa analia na kung'ang'ania kikombe ghafla akanyamaza na kukikataa. Watu wanasema amepoa. Hapo anakuwa amevuka kwenda hatua mbaya zaidi. Ukifika getini usianze na historia ya kucha, sema "mtoto anaharisha siku ya pili, hanywi, amelegea," utapitishwa mbele.

Swali la mume wako. Ndio, kwenye POP tunabonyeza vidole, kucha ya dole gumba la mguu uliofungwa unalinganisha na la mguu mzima, ukijua miguuni inachelewa kuliko mikononi kwa kila mtu, na mguu ukiwa wa baridi zaidi. Upande uliofungwa ukichelewa waziwazi, au vidole vimepauka au vimekuwa bluu, rudi ulikofungwa. Lakini hapa ndo kucha inadanganya vibaya zaidi kuliko kwa mtoto. Mguu uliovunjika unavimba ndani, misuli inabanwa kwenye nafasi yake na kuanza kufa wakati mshipa mkubwa bado unapitisha damu, kwahiyo vidole vinaweza kuwa vizuri tu, vya moto, kucha inarudi, na mguu unaharibika. Dalili ya mapema ni maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, yasiyosikia dawa hata akiinua mguu. Mfanye hivi, mshike vidole vya mguu uvinyooshe juu taratibu yeye akiwa amelegeza, akipiga kelele kwa maumivu makali ndani ya muundi, au akisema ganzi, kuchomachoma, vidole vinakuwa vizito kusogeza, ondokeni saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku, huu ni mguu unaohesabiwa kwa masaa. Asimeze Diclopa nyingine, ile dawa ya maumivu, avumilie mpaka asubuhi kama wanaume wetu walivyo, na msisubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye karatasi. Cha kwanza watakachofanya ni kuipasua POP na kukata bandeji ya ndani mpaka kwenye ngozi ili mbano upungue, afu daktari wa mifupa aamue kama inatosha au anahitaji kuingia tieta, chumba cha upasuaji.